Trekta dogo la HP 24 Dakawa: shajara ya msimu wangu wa kwanza

Nina ekari saba Dakawa, wilayani Mvomero: nne za mpunga ndani ya majaruba na tatu za juu ninazopanda mahindi. Nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo shamba nalihudumia Jumamosi na likizo. Kwa miaka sita nimekodi trekta kubwa, na mvua ikishuka watu wote tunamtaka dereva mmoja siku moja. Msimu wa 2024 nilisubiri zamu yangu siku 19. Alipofika, miche ilikuwa imezeeka kitaluni.

Nilipotafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu kutumia trekta dogo nilikuta matangazo ya kuuza tu. Ndiyo maana naandika kila hatua inapokamilika, na bei ni zile nilizolipa mwenyewe.

12 Oktoba 2024: Kununua

Trekta limetoka Japani likiwa limetumika: HP 24 (nguvu za farasi), silinda tatu, magurudumu yote manne yanavuta, na limekuja na rotaveta yake, zana ya meno yanayozunguka kutifua udongo, ya upana wa mita 1.4. Nimelipa TSh 15,200,000 Dar es Salaam, na Fuso ya kulileta Dakawa TSh 650,000.

Muuzaji alitaka kuliwasha kabla sijafika. Nilimpigia simu nikamwomba asiliguse, kwa sababu injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa na moto na hugoma ikiwa baridi. Nililigusa boneti kwanza, likawa baridi kweli, likawaka mara moja. Saa zilizoandikwa kwenye dashibodi sikuziamini. Niliangalia mpira wa pedali ya klachi na matundu ya pini kwenye mikono ya nyuma inayobeba zana, maana hayo huliwa kwa kazi na si rahisi kuyaficha. Kisha niliinua rotaveta, nikazima injini, nikasubiri dakika 15. Ilishuka kama upana wa vidole viwili. Fundi niliyekwenda naye alisema kwa umri wake hiyo ni haidroliki nzima.

19 Oktoba: Vibandiko vya Kijapani

Kila kibandiko kwenye trekta ni Kijapani. Nilivipiga picha kwa simu, programu ikanitafsiria vingi, vingine ikashindwa. Kilichonisaidia zaidi ni michoro: sungura ni kasi, kobe ni polepole. Niliandika Kiswahili kwa rangi nyeupe pembeni ya kila wenzo, na kama unaanza, fanya hivyo kabla hujatoka uwanjani.

Anayenifundisha ni mzee jirani yangu aliyeendesha matrekta ya shamba la mpunga la NAFCO, shirika la umma la kilimo, hapahapa Dakawa miaka ya 1980. Siku za kwanza hakuniruhusu kufunga zana yoyote. Nilizunguka uwanjani kwa gia ya kobe, mbele na nyuma, mpaka mguu ukazoea klachi.

Jambo moja nililikosea hata hivyo. Trekta lina pedali mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili ukikata kona shambani ukanyage upande mmoja ligeuke palepale. Kuna komeo dogo la kuziunganisha. Nilitoka barabarani bila kulifunga, mbuzi akakatiza, nikakanyaga breki, trekta likavutwa kulia hadi mtaroni. Halikupinduka kwa sababu nilikuwa gia ndogo. Mzee alisimama kimya kwanza, halafu akasema, "Mwalimu, komeo hilo ni la kwanza kuligusa kila ukikanyaga barabara. Kabla hata ya ufunguo."

2 Novemba: Sevisi

Oili ya injini, filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, maji ya rejeta, mkanda wa feni, grisi kila nipeli. TSh 310,000. Nipeli tatu zilikuwa zimeziba kwa rangi mpya iliyopigwa juu yake, maana yake tangu lilipopakwa rangi hazikuwahi kuingia grisi. Zichokonoe zote.

9 Novemba: Jembe la sahani tatu

Hili ndilo kosa kubwa la msimu, na naliandika kwa urefu kwa sababu nimeona wengine wawili hapa wakielekea kulifanya.

Kila trekta kubwa linalolima Dakawa linavuta jembe la sahani. Kwa hiyo nami nikanunua la sahani tatu, limetumika, TSh 2,300,000. Pini ziliingia vizuri kwenye mikono ya nyuma, maana hata trekta dogo hutumia pini za kawaida za milimita 22 chini na 19 juu kwenye toplinki, yaani mkono wa juu wa katikati. Nikavuta wenzo, jembe likanyanyuka bila shida. Nikaamini kwamba kama limenyanyuka, basi linabebeka.

Njiani kwenda shamba la juu kuna tuta la mfereji. Magurudumu ya mbele yalipopanda tuta, usukani ukawa mwepesi ghafla, kisha nikaona boneti inapanda mbele ya macho yangu. Nilikanyaga klachi mpaka chini na mkono ukashusha jembe. Sahani zikagusa ardhi, mbele ikarudi kwa kishindo. Jambo zima halikufika sekunde tatu. Trekta likiinuka kwa mbele linaweza kupinduka kinyumenyume juu ya dereva kabla hajaamua la kufanya. Mkanda nilikuwa nimefunga na fremu ya usalama ilikuwa imesimama, lakini nilitetemeka mpaka jioni.

Usiku nilikaa na daftari. Nafundisha momenti (nguvu ya kugeuza) kila mwaka kwa rula na vizibo, na sikuwahi kufikiria kwamba ekseli ya nyuma ya trekta ndiyo egemeo. Trekta langu lina kilo 900 hivi, na kama kilo 400 kati ya hizo ziko mbele. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 1.5. Jembe lina kilo 380, na uzito wake unaning'inia mita 1.2 nyuma ya ekseli. Zidisha 380 kwa 1.2, gawanya kwa 1.5: jembe linaondoa kilo 304 kwenye magurudumu ya mbele. Yanabaki na chini ya kilo 100. Kanuni inayofahamika kwa wenye matrekta ni kwamba mbele isibaki na chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta, kwangu ni kilo 180. Nilikuwa karibu nusu ya hapo nikiwa tambarare, sembuse juu ya tuta.

Haidroliki ina nguvu ya kunyanyua kuliko trekta lilivyo na uzito wa kuhimili. Ukinunua zana, muulize muuzaji kilo zake. Akisema hajui, ipeleke kwenye mizani kwanza.

Jembe nimeliuza kwa TSh 1,900,000. Hasara 400,000.

16 Novemba: Kuongeza uzito

Nimefanya mambo mawili, na ni muhimu kujua kila moja linasaidia nini.

La kwanza ni maji kwenye tairi za nyuma. Unainua gurudumu kwa jeki, unalizungusha mpaka valvu iwe juu kabisa, unajaza maji mpaka yafike usawa wa valvu, yaani kama robo tatu ya tairi. Tairi zangu ni 9.5-24, kila moja ilipokea kama lita 95. Huku kwetu hakuna baridi ya kugandisha, kwa hiyo maji ya kawaida yanatosha. Hii inaongeza mshiko kwa kilo 190 na inashusha kitovu cha uzito. Lakini haizuii mbele kuinuka hata kidogo, kwa sababu uzito huo uko juu ya egemeo lenyewe. Mafundi wawili waliniambia inazuia. Nenda kwenye hesabu, utaona haiwezekani.

La pili ndilo linalozuia: uzito wa mbele. Nilimwaga zege kwenye ndoo mbili zenye ndoano za nondo, kilo 30 kila moja, nikazifunga kwenye fremu mbele ya bampa, sentimita 60 mbele ya ekseli. Kilo hizo 60 zinaongeza kilo 84 mbele kwa sababu ya umbali wake. Saruji, nondo, kuchomelea na kukodi pampu: TSh 95,000.

Rotaveta yangu ina kilo 190 na inakaa karibu na trekta, mita 0.9 tu. Inaondoa kilo 114. Nikipita tuta lilelile nayo, usukani unabaki mzito kama kawaida.

30 Novemba: Mashine ya kufyeka na shafti iliyozidi urefu

Nilinunua mashine ya kufyekea majani ya upana wa mita 1.2 kwa TSh 1,800,000, na shafti mpya ya PTO, yaani ile inayopeleka mzunguko wa injini ya trekta kwenye zana, kwa 180,000. Meno ya shafti ni sita, ya milimita 35, yaliingia bila tatizo. Nilifyeka dakika kumi. Nikainua mashine kupita kichuguu, ukasikika mlio wa chuma kugongana, kisha mngurumo kwenye gia boksi ya mashine.

Shafti ina bomba mbili, moja huingia ndani ya nyingine. Mashine ikipanda na kushuka, umbali kati ya trekta na gia boksi hubadilika. Yangu ilikuwa ndefu mno: mashine ilipofika mahali pa karibu zaidi, bomba la ndani liligonga mwisho, na trekta likaisukuma shafti kama nyundo ndani ya beringi. Beringi na sili TSh 85,000, fundi na kukereza 80,000.

Shafti mpya haiji na kipimo chako. Hivi ndivyo tulivyoikata:

Tulifunga mashine, tukaiinua mpaka ncha ya shafti inayotoka kwenye trekta na ile ya gia boksi zikatazamana kwa usawa, maana hapo ndipo zinapokaribiana zaidi. Tukaweka magogo chini, tukazima injini na kutoa ufunguo. Nusu ya kwanza ya shafti tukaifunga kwenye trekta, ya pili kwenye mashine, tukazilaza sambamba tukaweka alama ili ibaki nafasi ya sentimita 3 kabla ya kugonga. Tulikata sentimita 7 kila bomba, na sentimita 7 kila kikinga cha plastiki. Tukapiga tupa kingo, tukapaka grisi. Halafu tukashusha mashine hadi chini kabisa kuhakikisha bomba bado zimeingiliana kwa zaidi ya theluthi.

Kikinga cha plastiki usikitoe. Mzee ananionyesha kila mara kidole chake kimoja kifupi: shati lilinaswa na krosi (kiungo cha shafti) isiyo na kikinga, na anajiona ana bahati kwamba hakupoteza zaidi.

Fundi aligundua jingine. Boliti ya usalama ya mashine, ile laini inayotakiwa kukatika ukigonga kisiki, ilikuwa imebadilishwa kwa boliti ngumu. Nimenunua laini kumi, shilingi 1,000 kila moja. Boliti ikikatika, kazi yake imetimia.

14 Desemba: Rotaveta kwenye udongo mkavu

Shamba la juu ni mbuga nyeusi, mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi. Rotaveta haikuzama. Iliruka juu ya ardhi kama mpira, vumbi likatanda. Nikadhani nguvu haitoshi, nikaipandisha PTO kutoka namba 1 kwenda namba 3. Ilitetemeka zaidi na meno manne yakakatika. PTO yangu ina kasi nne, na namba 1 ndiyo iliyo karibu na mizunguko 540 kwa dakika ambayo zana nyingi zimetengenezewa. Zile za juu ni za kazi nyepesi, kwenye udongo laini uliokwishatifuliwa. Meno mapya TSh 120,000.

Nimeamua hivi, na nadhani ni uamuzi sahihi kwa mwenye eneo kama langu: kuvunja ardhi ngumu mara ya kwanza namkodi mwenye trekta kubwa, TSh 70,000 kwa ekari, 210,000 kwa zote tatu. Kiangazi hana kazi nyingi, anakuja siku ninayotaka. Baada ya mvua ya kwanza napita mwenyewe na rotaveta, PTO namba 1, gia ya kobe. Inanichukua kama saa mbili na lita saba za dizeli kwa ekari.

11 Januari 2025: Kuchavanga, na kukwama

Hii ndiyo kazi niliyolinunulia trekta. Maji yameingia kwenye majaruba, udongo umelowa siku nne, rotaveta inachavanga, yaani inavuruga udongo na maji kuwa tope, na kusawazisha kwa mapito mawili. Jaruba la kwanza lilikuwa safi. Kwenye la pili, lenye sehemu ya kina, magurudumu ya nyuma yakazama hadi ekseli.

Nilifunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, likazidi kuchimba. Vijana wakaleta mti wafunge kwenye magurudumu ili yapate kupanda juu yake. Mzee aliwazuia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mti ukizuia magurudumu kuzunguka huku unakwenda mbele, injini inaugeuza mwili wa trekta wenyewe kuzunguka ekseli, na mbele inainuka. Ni hatari ileile ya jembe, ila kwa kasi zaidi. Tulishusha rotaveta, tukaifungua, tukachimba njia nyuma ya magurudumu, tukaweka mbao, nikatoka kinyumenyume taratibu. Saa tatu zimekwenda.

Jioni ndipo nilipoona kosa langu. Zile lita 190 za maji nilizozijaza Novemba kwa ajili ya mshiko kwenye ardhi kavu zilikuwa bado kwenye tairi. Ndani ya tope unahitaji wepesi na tairi za meno marefu, siyo kilo. Nimeyatoa maji yote: valvu chini, fungua, ongeza upepo, fungua tena. Tangu hapo sijakwama. Kwa hiyo sasa nina ratiba: maji kwenye tairi wakati wa shamba la juu, bila maji wakati wa majaruba. Zege la mbele linabaki muda wote kwa sababu rotaveta iko nyuma muda wote.

25 Januari: Oili kama chai ya maziwa

Kipimo cha oili ya gia boksi kimetoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Kwenye trekta hili gia boksi na haidroliki zinatumia oili moja, lita 20, kwa hiyo ningeendelea ningeua vyote viwili. Sababu ilikuwa kipira kilichopasuka chini ya wenzo wa gia, na mimi niliyekuwa naosha tope kwa pampu ya nguvu nikielekeza maji palepale.

Kumwaga, kusafisha, oili mpya, kipira: TSh 235,000. Sasa naosha kwa ndoo na brashi, na kipimo nakitazama kila asubuhi ya kuchavanga.

8 Februari: Dizeli iliisha katikati ya jaruba

Nilijaza tena, lita 20 kwa TSh 58,000, lakini injini haikuwaka. Imevuta hewa. Usiendelee kupiga stata, utamaliza betri. Legeza skrubu ya juu ya filta mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Legeza nati za mabomba ya nozeli, zungusha stata kidogo mpaka kila moja iteme dizeli, kaza. Iliwaka. Weka kitambaa, wala usikaribishe mkono kwenye nozeli yenyewe, maana dizeli ya shinikizo hupenya ngozi. Na tangu siku hiyo dizeli ya kwenye dumu naiacha ilale usiku mzima kabla ya kuijaza, nabakisha ya chini. Kikombe cha filta kilikuwa na maji.

21 Juni: Tela

Mpunga umevunwa. Nimeazima tela la ndugu yangu la tani moja na nusu, sikununua. Nikahesabu kwanza gharama za makosa: jembe 400,000, beringi na kazi yake 165,000, meno 120,000, oili 235,000. Jumla TSh 920,000. Kuchavanga ekari zote nne kulikwisha kwa siku tatu za Jumamosi, na miche iliingia ikiwa na siku 21.

Kijana wa ndugu yangu alitaka kufunga cheni ya tela juu, kwenye tundu la toplinki, kwa sababu linafikika kwa urahisi. Nilimwonyesha kwenye vumbi kwa kijiti: ukivuta kutoka juu ya ekseli, mzigo unaivuta mbele iinuke, ukivuta kutoka chini yake, unaikandamiza. Tulifunga chini, kwenye ndoano ya kuvutia. Nikapakia magunia 12 tu safari ya kwanza, kwa kuwa tela halina breki zake na trekta ni jepesi kuliko mzigo likishuka kuelekea mferejini. Nikafunga komeo la breki, nikawasha, tukapita lile tuta kwa gia ya kobe.